Pete Iliyofunguka Upande wa Mto

Nimefundisha historia kwa miaka minne, na katika miaka yote hiyo nimewahimiza wanafunzi wangu waandike jambo kama lilivyotokea, wasilipambe wala wasilipunguze, hasa linapowahusu wao wenyewe. Kwa hiyo ilikuwa haki mimi niwe wa kwanza kutii. Hata hivyo imenichukua mwaka mzima na zaidi kukubali kuandika kwamba mimi, Barisa Godana, mtu mzima mwenye shahada na funguo za maktaba ya shule, niliketi kwenye kiti cha plastiki katika ujia wa kliniki moja hapa Garsen, mbele ya kina mama wanane na watoto wao, nikamwambia daktari kwamba pete iliyochorwa kwenye kadi imefunguka upande wa mto. Sikusema kulia. Sikusema kushoto. Nilisema mto. Wanaonifahamu wameshaisikia habari hii kwa vinywa vingine, ikiwa imetiwa chumvi na pilipili. Mimi naitoa kavu, kwa sababu aibu yake inatosha kama ilivyo.

Nianzie kwenye macho yenyewe. Mimi sioni mbali. Niliambiwa hivyo mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, mhadhiri mmoja alipotaka kujua kwa nini naandika kwa kunakili daftari la jirani yangu badala ya kunakili ubao, nami nikamjibu kwa unyofu kabisa kwamba sikujua kuna mtu anayeweza kuusoma ule ubao kutoka tulipokaa (nilidhani wote tunategemea watu wa safu ya mbele). Nikapimwa, nikapewa miwani, na nilipotoka nje niligundua kwamba mti ulio ng'ambo ya barabara una majani, kila jani na ukingo wake. Tangu siku hiyo niliivaa miwani darasani, sokoni, msikitini, kila mahali isipokuwa mahali pamoja, napo ni nyumbani.

Nyumbani ni kijiji cha Waorma, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Garsen, na katika kijiji hicho baba yangu, Mzee Godana, anajulikana kwa macho kama wengine wanavyojulikana kwa sauti nzuri ya adhana. Kundi likiwa bado ni vumbi tu ng'ambo ya uwanda, yeye hulitaja ni la nani. Likisogea kidogo hutaja ng'ombe mmoja mmoja, yule mwekundu mwenye mgongo mweupe, yule mweusi anayechechemea, na watu wakigombania ndama humwita yeye aje asimame, atazame, aamue. Mimi ni mwanawe wa tatu. Fikirini basi mwana wa mtu huyo akishuka kwenye pikipiki na vioo viwili usoni. Nilishindwa kulifikiri jambo hilo, na kwa hiyo kwa muda wa miaka minane kila nilipokwenda nyumbani nilimwomba dereva asimame kwenye kona ya mwisho, nikavua miwani, nikaifunga ndani ya leso, nikaingia kijijini nikiwa ndani ya ukungu wangu. Watu niliwatambua kwa sauti na kwa mwendo. Mara nyingi nilipatia. Mara moja niliinama nikaliamkia kwa heshima zote pipa la maji lililofunikwa shuka jeusi, nikidhani ni shangazi yangu, na lilipokaa kimya nikaendelea kumuuliza habari za watoto.

Sasa, urubani. Huku kwetu mto ukifurika barabara hukatika, na vijiji vya chini kama Ozi hubaki kama visiwa, na nimewahi kusimama kwenye tuta la barabara nikaitazama ndege ndogo (nikiwa na miwani, ndiyo maana niliiona) ikishusha dawa na kuondoka na mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa siku mbili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimekwisha amua. Niliandika maombi mwaka mzima. Hatimaye chuo kimoja cha urubani kikanikubali, pamoja na mfadhili wa karo, kwa sharti moja: kabla ya masomo kufunguliwa, yaani baada ya wiki sita, niwe nimewasilisha cheti cha afya cha daraja la kwanza. Barua ilieleza bila kuzunguka kwamba asiye na cheti siku hiyo nafasi yake itapewa anayefuata kwenye orodha.

Mimi ni mtu wa kusoma vifungu. Nilizisoma kanuni za macho ya rubani mara tatu, kalamu mkononi. Zinataka kila jicho, likipimwa peke yake, lifikie kipimo cha sita kwa tisa, maana yake kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita tisa wewe ukione kwa mita sita, macho yote mawili pamoja yafikie sita kwa sita, usome maandishi madogo ya karibu, utofautishe rangi. Na yote hayo, kifungu kinasema wazi, kwa miwani au bila miwani, ila anayeitegemea miwani aivae kila arukapo na awe na miwani ya pili karibu naye. Kifungu hicho nilikipigia mstari mwekundu. Naomba msomaji akumbuke mstari huo mwekundu, kwa sababu yote yaliyofuata yalitendwa na mtu aliyejua.

Daktari aliyeidhinishwa kuwakagua marubani alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Malindi, ambaye siku moja kila mwezi huja kuwahudumia wagonjwa wa kawaida kwenye kliniki hiyo ya Garsen, na alikubali kunipima hapo na kuniondolea safari. Nilifika asubuhi, miwani usoni, nimeisafisha mara mbili. Na kwa sababu niliivaa, niliwaona vizuri sana kwenye lango la kliniki wazee wawili warefu wamesimama na fimbo zao, mmoja akiwa baba yangu na wa pili Mzee Dube, jirani yake, rafiki yake, na mshindani wake wa maisha yote katika kila jambo, kuanzia mafahali hadi wakwe. Nilikuwa nimemwambia baba kwamba marubani hupimwa macho. Yeye alikuwa amewaambia watu wa mnada wa ng'ombe kwamba serikali inatafuta macho na imeyapata kwake. Mzee Dube alikuwa amekuja kuhakikisha.

Hawakuwa wamenigeukia bado. Mkono wangu ukapanda wenyewe, kwa mazoea ya miaka minane, ukaivua miwani na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, wa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nilijiambia nitaivaa tena nikishaingia chumbani kwa daktari na mlango ukafungwa.

Kumbe chumba kilikuwa kifupi. Kipimo cha mbali kinataka mita sita, na chumba kizima hakikufika nne, kwa hiyo utaratibu wao (wa busara, sina la kulaumu) ulikuwa kulitundika bango la herufi kwenye ukuta wa ndani, kuuacha mlango wazi, na kumweka anayepimwa kwenye kiti nje, katikati ya ujia. Nyuma ya kiti kulikuwa na benchi la wanaosubiri. Kina mama walikuwa wameshajaa pembeni na watoto wao wa chanjo. Nafasi mbili zilizobaki, nyuma kabisa ya kisogo changu, wakazikalia baba na Mzee Dube.

Muuguzi, sista Raheli, Mpokomo wa Wenje, alikuja na fomu na kuanza kunisomea maswali mbele ya umati ule kwa sauti ya mtu aliyezoea kliniki yenye kelele. Kifafa? Hapana. Kisukari? Hapana. Kizunguzungu? Hapana.

"Unatumia miwani, mwalimu?"

Nyuma yangu fimbo ya baba ililia kidogo sakafuni. "Hapana," nikasema.

Sista Raheli hakuandika mara moja. Alinitazama pua, na mimi nilijua alichokuwa akikitazama, kwa maana mtu aliyevaa miwani miaka mingi huwa na vishimo viwili vidogo, kimoja kila upande wa pua, na vyangu vilikuwa bado vyekundu. Kisha akaandika. Akanipa kalamu, nikatia sahihi chini ya maneno yanayosema kwamba niliyoyaeleza ni kweli tupu. (Nawafundisha vijana thamani ya hati iliyotiwa sahihi. Nina somo zima juu yake, muhula wa pili.)

Daktari akasimama kando ya bango, akaniomba nizibe jicho la kushoto, nisome kuanzia juu. Herufi ya kwanza, iliyo kubwa kama dirisha, niliisoma. Za mstari wa pili nilizipata kwa kukunja uso. Kuanzia mstari wa tatu hakukuwa na herufi tena, kulikuwa na ng'ombe wamelala mbali alfajiri yenye ukungu, na hata idadi yao sikuweza kuapa. Nikakohoa. Daktari akasubiri kwa adabu. Nikaihisi ile barua ya chuo, wiki zile sita, yule mtu anayefuata kwenye orodha, vyote vikinikalia mabegani, na mfuko wa ndani wa koti ukawa mzito kama umetiwa jiwe.

Hapo nikasikia nyuma ya sikio langu, kwa Kiorma, kwa sauti ya chini kama ya mtu anayesafisha koo: "Chapa ya wajomba zako."

Lazima nieleze. Baba hajui kusoma herufi hizi, lakini chapa za moto zinazochomwa kwenye mapaja ya ng'ombe anazijua zote, na chapa ya wajomba zangu ni vijiti viwili vilivyosimama na kimoja kilichovuka katikati. Ubongo wangu ulifanya kazi upesi kuliko dhamiri yangu.

"H," nikasema.

"Zizi," baba akanong'ona.

"O."

"Pembe za fahali wa Dube." Na Mzee Dube, kwa kuridhika, akathibitisha kwamba ndizo hasa.

"V."

"Nguzo ya kutundikia vibuyu."

"T."

Tukaendelea hivyo, mimi na baba, mstari baada ya mstari, jicho la kulia kisha la kushoto, yeye akiwa nyuma yangu hatua moja na zaidi, akiyaona yale maandishi ya chini kabisa kana kwamba yameandikwa kwenye kiganja chake. Tukapita sita kwa tisa. Tukafika sita kwa sita, na tungeachiwa tungeupita na ukuta. Kwa muda wa dakika tatu nilikuwa mtu mwenye macho makali kuliko wote Garsen, na nakiri (kwa kuwa nimeahidi kutopunguza) kwamba nilianza kuona fahari. Nilijiambia pia kwamba hakuna anayeelewa. Daktari alikuwa mgeni, kina mama walishughulika na watoto, na sista Raheli alikuwa Mpokomo, mwenye lugha yake. Sikujua kwamba mama yake sista Raheli aliuza ndizi na kununua maziwa kwa Waorma maisha yake yote, na kwamba binti alikulia katikati ya biashara hiyo akikisema Kiorma kama mwenyeji. Niliuona ubao wake wa fomu umepanda hadi usoni. Nilidhani anasoma.

Daktari aliweka kalamu chini. "Bwana Barisa, unajibu vizuri sana," alisema taratibu, "ila kila jibu linakuja mzee akishakohoa." Akaliondoa bango la herufi, akatundika kadi nyingine. Akaeleza kwamba hii haina herufi, ina pete tu, kila pete ina pengo mahali pamoja, na kazi yangu ni kumwambia pengo liko juu, chini, kulia au kushoto.

Nilipaswa kukomea hapo. Hata mtoto angekomea hapo.

"Zizi, mlango juu," baba akanong'ona.

"Juu," nikasema.

"Mlango chini."

"Chini."

"Mlango upande wa mto."

Sisi wa huku hatusemi kulia na kushoto. Kulia kwako si kulia kwangu tukitazamana, na ng'ombe hugeuka kila saa; lakini mto uko pale pale. Ukimtuma mtu fimbo ndani ya nyumba utamwambia iko upande wa mto au upande wa malisho, naye ataipata hata gizani. Tatizo ni kwamba baba alijua kutoka kwenye benchi lile mto uko wapi, kama anavyojua akiwa popote, na mimi, niliyeingia lango moja, nikapinda mara mbili na kukalishwa kwenye kiti, nilikuwa nimeupoteza mto wote na maji yake. Nikaanza kuutafuta kwa akili. Lango linatazama barabara kuu. Barabara kuu inakwenda darajani. Nilipoingia nilipinda huku, kisha huku, au huku kisha huku. Daktari anasubiri. Mtoto mmoja akalia akanyamazishwa. Nikaona jasho linanifikia nyusi, na ulimi wangu, ambao umesimama mbele ya madarasa na mikutano ya wazazi, ukachoka kusubiri hesabu.

"Upande wa mto," nikasema.

Daktari akasogea mlangoni.

"Upande wa nini?"

"Wa mto, daktari."

Ni sista Raheli aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani, kikamshinda, akaushika mlango. Na kina mama, ambao inaonekana walikuwa wameelewa mapema kuliko nilivyodhani, wakapokea. Mzee Dube, akiona daktari bado ana shaka, akainuka ili kuokoa hali kwa Kiswahili chake. "Ni kweli hiyo, daktari," akasema, akinyoosha fimbo juu ya kichwa changu kuelekea ukutani. "Mto iko hii upande. Hata mimi naona."

Nikasimama kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo ilinimaliza. Koti lilikuwa wazi. Leso ilichomoka, miwani ikachomoka ndani ya leso, ikapiga sakafu ya saruji na kuteleza mahali. Wapi, sikuona. Kila mtu aliona isipokuwa mimi. Nikapiga magoti nikaanza kupapasa kati ya miguu ya kina mama, nikashika ndara, nikashika chupa ya maziwa ya mtoto, nikashika kitu laini kilichokuwa kidole cha mtu, nikaomba radhi kwa wote kwa mpangilio, mwalimu wa historia akitambaa kwa miguu minne mbele ya wazazi wa wanafunzi wake wa kesho.

Ncha ya fimbo ikapita karibu na mkono wangu, ikaingia chini ya benchi, ikavuta. Baba akainama, akaiokota miwani. Aliishika kama mtu anavyoshika yai. Akapangusa vioo kwa pindo la kikoi chake, kimoja kisha cha pili, bila haraka yoyote, na watu wakaacha kucheka wenyewe.

"Vaa," akaniambia.

Nikavaa. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wake kwa karibu, na haukuwa na hasira.

Daktari alituita ndani sote, akafunga ule mlango niliokuwa nikiungojea ufungwe tangu asubuhi. Hakupaza sauti. Alisema miwani angeiandika kwenye cheti tukamaliza kwa dakika kumi, yupo hata rubani mzee anayevaa nene kuliko yangu. "Lakini hii," alisema, akigonga fomu kwa kalamu, "hii ni sahihi yako. Ukiniandikia uongo hapa chini, huko juu utaniandikia nini?" Nashukuru kwamba kwa mara ya kwanza siku hiyo sikutafuta jibu la kuazima. Akaniambia anaweza kufanya moja kati ya mawili: kuipeleka fomu ile kama ilivyo, na habari yangu iishie hapo, au mimi niikate kauli yangu kwa mkono wangu, niandike ya kweli, nitie sahihi tena, naye ataandika kwamba upimaji haukukamilika, nirudi baada ya mwezi na ripoti ya mtaalamu wa macho na miwani mbili.

Baba akauliza kwa Kiswahili, "Mbili ya nini?"

"Moja ikianguka kama ilivyoanguka leo, mzee, huko juu hakuna wa kuivuta kwa fimbo."

Akafikiri. "Basi hawa rubani wanavaa, na ingine wanabeba?"

"Ndiyo, mzee. Ni lazima."

Baba akamgeukia Mzee Dube akamtazama kwa muda, kama mtu aliyeongezewa ng'ombe mnadani. Mimi nikachukua kalamu, nikakata neno "Hapana" kwa mstari mmoja ulionyooka ili lisomeke bado, nikaandika "Ndiyo" juu yake. Nilihesabu: mwezi mmoja, kisha zitabaki wiki mbili. Zinatosha, nikajiambia, na kama hazitoshi nitazitoshesha.

Nje, Mzee Dube alipokwenda kutafuta chai, nilimwomba baba msamaha. Nilimweleza habari ya kona ya mwisho, leso, miaka minane, kila kitu isipokuwa pipa la maji. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Nilipokuwa nikigawa kazi," akasema, "ndugu zako niliwapa ng'ombe, wewe nikakupa ndama. Ulidhani kwa nini?"

Ndama hulisha karibu na nyumba. Sikuwahi kufikiri kwa nini.

"Ng'ombe ulikuwa humtambui mpaka akupumulie usoni," akasema. "Nikaona, huyu nimpeleke shule. Karatasi haikimbii."

"Mbona hukuniambia, Aba?"

"Wewe uliniambia?" Akageuza fimbo mkononi. "Na leo ningekuacha uaibike mbele ya Dube?"

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Malindi. Mtaalamu akanipima kwa utulivu, akaandika ripoti, nikatengenezewa miwani ya pili inayofanana na ya kwanza kwa kila kitu. Niliporudi nyumbani Ijumaa iliyofuata, dereva wa pikipiki, Hamisi, yule yule wa siku zote, alipunguza mwendo kwenye kona ya mwisho na kusimama bila kuambiwa. Akangoja. Mwishowe akageuka.

"Leo huvui, mwalimu?"

Kumbe naye alijua. "Twende," nikamwambia, na tukaingia kijijini nikiwa na vioo usoni, nikaona kwa mara ya kwanza kutoka mbali kwamba nyumba ya mama imeegemea kidogo upande wa malisho, na kwamba pipa la maji halifanani na shangazi hata chembe. Watoto walinifuata wakiniita daktari kwa siku mbili, kisha wakachoka. Miwani ya pili baba aliiomba aitazame. Aliitazama, akaizungushia kitambaa, akaifunga kwenye pindo la kikoi, na kila nilipomwomba anirudishie alisema iko salama.

Mwezi ulipokwisha niliketi tena kwenye kiti kile cha plastiki. Benchi lilijaa vilevile. Sista Raheli aliniuliza kama leo mto uko mahali pake, nikamjibu kwamba nimeuacha nje. Alipofika kwenye swali la miwani nilijibu "Ndiyo" kwa sauti iliyowafikia wa mwisho kabisa. Herufi nikazisoma bila miwani kwanza, yaani zile mbili tatu, nikasema za chini sizioni, nikaona kwamba kulisema hilo hakuvunji mfupa. Kisha kwa miwani, hadi sita kwa sita, jicho moja moja na yote mawili. Maandishi ya karibu, sawa. Zile kurasa za nukta za rangi, ambamo tarakimu hujificha kati ya nukta, niliwahi kuzitaja kabla daktari hajamaliza kufunua, kwa maana mtoto aliyechunga ndama hujifunza rangi kumi za wekundu kabla ya kuota meno ya ukubwani. Pete nikazitaja juu, chini, kulia, kushoto, na hakuna aliyekohoa nyuma yangu hata mara moja. Nilisikia tu fimbo ikitulia sakafuni.

Daktari alianza kuandika cheti, akasimamisha kalamu.

"Na miwani ya pili, bwana Barisa? Nataka kuiona."

Nikatia mkono mfuko wa ndani wa koti. Mtupu. Nikatia wa nje. Na wakati huo ndipo nilipoapa, kiapo ambacho sijakivunja hadi leo ninapoandika haya nikiwa mwanafunzi wa urubani wa mwaka wa pili, kwamba sitamjibu tena mtu yeyote, juu au chini, kwa macho yasiyo yangu, wala sitaingia kwa baba yangu nikiwa nimeuficha uso wangu. Nikafungua kinywa nikamwambia daktari ukweli, kwamba sinayo.

"Iko hapa," akasema baba nyuma yangu, kwa Kiswahili, ili wote wasikie, na akaanza kufungua fundo la kikoi.